Walii wa Kutoka Tabora

Shinyanga, 6 Septemba 1953

Kwa Bwana Muhidini, mtunza taa wa mgodini, Geita.

Nakusalimu wewe na wote wanaoshuka shimoni wakapanda salama. Huku sote wazima, ila jua limetukausha na visima vimeshuka mpaka kamba inabidi kuungwa.

Tarehe ya ndoa nimeipata. Hukuniandikia mimi, ulimwandikia mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, naye akaisoma barazani kwake kwa sauti kubwa, basi nikaisikia pamoja na muuza kahawa na watoto wa chuo: Ijumaa ya kwanza ya mfungo sita, ndiyo tarehe kumi na tatu Novemba. Haidhuru. Nilicheka mpaka nikaona haya, mwanamke wa miaka thelathini na moja, mjane, nacheka barabarani peke yangu.

Sasa kuna jambo moja. Mwalimu ameniuliza, "Mwanne, walii wako wa kukuoza nani?" Nikamwambia baba yangu Feruzi alifariki Desemba, wewe mwenyewe ulimzika. Kaka sina, ami sina, babu sina. Nilipoolewa mara ya kwanza baba alikuwa hai, sikujua hata kama kuna swali la namna hiyo. Mwalimu akasema, kwa alivyosikia zamani kwa wazee, uwalii wangu uko Tabora, kwa nyumba ya Mzee Akida bin Nasoro, na bila ruhusa yao yeye hafungi ndoa.

Muhidini, kumbe nina watu! Siku zote baba alisema yeye hana ndugu, ameota kama uyoga. Hakupanda gari la Tabora hata mara moja, na kila treni ikipita alikuwa anageuka upande wa pili akaendelea kushona magodoro yake. Nadhani waligombana. Nitakwenda kuwaona.

Kofia yako nimefika nusu. Kichwa chako kikubwa, uzi unakwisha.

Mimi,
Mwanne binti Feruzi


Geita, 14 Septemba 1953

Kwa Bi Mwanne binti Feruzi, Shinyanga.

Baada ya salamu nyingi na kukuombea afya, nakujulisha kwamba barua yako imefika nami nimeisoma mara mbili.

Likizo yangu imeandikwa, hakuna wasiwasi. Bwana mkubwa amekubali niwe nje siku kumi, na taa nitamwachia Mageni, kijana mwangalifu. Kila mtu anayeshuka anatundika kibati chake msumarini, akipanda anakichukua, na mimi siondoki dirishani mpaka misumari yote iwe mitupu. Ndivyo ninavyopenda mambo, kila kitu mahali pake.

Kuhusu Tabora, nakushauri usiende. Ni mbali, barabara mbovu, na mwezi wa kumi ni vumbi tupu. Ule ni mji wa kale, umekwisha, hakuna cha kutazama ila magofu. Mwambie mwalimu amwombe Liwali asimame kuwa walii wako. Ni jambo linalofanyika. Baba yako Mungu amrehemu hakuwahi kukupeleka huko, nawe heshimu alivyotaka.

Usichoshe macho kwa kofia. Si lazima iwe tayari.

Wako katika heri,
Muhidini bin Omari


Shinyanga, 27 Septemba 1953

Kwa Bwana Muhidini.

Salamu zako zimenifikia, na ushauri wako pia, ila huo nimeuweka pembeni. Nimemweleza mwalimu habari ya Liwali. Amekataa katakata. Anasema Liwali huwa walii wa mtu asiye na mtu, na mimi ninao, wako hai, wanakula wanakunywa. Bila wao ndoa yetu itasemwa, na watoto wetu watasemwa. Sasa ukitaka mfungo sita uje ukae kitako na mimi mbele ya watu, hakuna njia nyingine.

Halafu nikuulize, unaogopa nini? Au unaona haya kwamba jamaa zangu watakutazama wewe mtu wa Pangani wakakuona mfupi? Ha! Nitawaambia u mrefu ukikaa.

Rafiki yangu Klara, mke wa Makoye dereva, atanisindikiza. Lori la Makoye linapeleka ngozi Tabora Jumamosi tarehe kumi na saba, linaondoka alfajiri na kurudi siku ile ile. Nimeshaweka samli kibuyu kizima, mchele wa Tinde, na jogoo wawili. Nguo nitavaa ile kanga mpya. Baba mkubwa hapatikani kila siku.

Jana nilikuwa namsimulia Klara ulivyofika kwetu mara ya kwanza kupanga chumba, kabla hujapata kazi Geita, umejaa vumbi la safari, ukaomba maji ya kuoga, na baba akakuonyesha kwa kidole: "Kisima kile pale, kajitekee." Watu walimwita mchoyo kwa tabia ile. Hakutaka nimtekee mgeni maji, hata sheikh. Kila mtu nyumbani kwetu alijitekea yake. Klara anasema pengine ndiyo desturi ya watu wa Tabora. Nitawauliza.

Mwanne


Geita, 8 Oktoba 1953

Kwa Bi Mwanne.

Baada ya salamu. Naandika kwa haraka, gari la posta linangoja.

Nakuomba kwa jina la Mungu, Jumamosi usiende. Ngoja nije. Kuna jambo ambalo baba yako aliniambia alipokuwa kitandani, akanishika mkono nisikwambie, nami niliahidi. Nitakueleza kwa mdomo, si kwa karatasi. Ukienda kabla sijakueleza utaona mambo vibaya. Ngoja.

Muhidini


Shinyanga, 20 Oktoba 1953

Kwa Bwana Muhidini bin Omari.

Barua yako ya tarehe nane imefika jana Jumatatu. Mimi nilikwenda Jumamosi.

Nitakueleza yote kwa mpangilio, maana wewe unapenda kila kitu mahali pake. Sina hasira. Nimejitafuta hasira tangu juzi, sijaiona. Nafanya kazi, nakula, nalala. Klara anasema nilie. Nimemwambia ngoja kwanza nianue nguo.

Tuliondoka alfajiri. Samuye tukapita giza bado, Tinde tukanywa chai, Nzega gurudumu likatoboka. Tabora tuliingia saa sita. Makoye akatuzungusha kidogo, akatuonyesha boma la Wajerumani, na uwanja ambao anasema zamani watu waliuzwa pale wamefungwa kamba. Siku hizi wanauza vitunguu. Klara akasema, "Yesu wangu." Mimi nilikuwa naangalia jogoo wangu wasife kwa joto.

Nyumba ya Mzee Akida haikuwa na shida kuipata. Ni kubwa, imebomoka upande mmoja. Mwenyewe alikuwa barazani na tasbihi, macho yana mtoto wa jicho. Nikapiga goti. "Shikamoo, baba mkubwa." "Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?" Nikasema mimi ni Mwanne wa Shinyanga, binti Feruzi fundi magodoro. Akaruka, wallahi akaruka na uzee wake. "Feruzi! Feruzi wetu!" Akamwita mkewe, Bi Mwanaidi, na mkewe akaja na uso mzuri. Wakatuingiza ndani, mimi na Klara, wakatuketisha juu ya kitanda cha besera, kile cha wageni wa heshima, chenye mito. Tukapewa kahawa na tende. Samli ikapokewa kwa mikono miwili. Nilikaa pale nikawaza, hii ndiyo damu ya baba. Nikamtafuta baba usoni kwa yule mzee, pua, masikio. Nikaona masikio yanafanana.

Bi Mwanaidi alidhani mimi ni mke wa mtu mkubwa aliyekuja kusalimu kwa heshima ya zamani. Mzee hakueleza, nami sikueleza, kila mtu alikuwa na furaha yake.

Mzee akaniuliza kama najua herufi za Kiarabu. Nikasema nimehitimu Kurani mara mbili. Akafurahi. Akasema ana barua, imelala kwenye sanduku tangu mwezi wa kwanza, yeye haoni na mjukuu wake anajua herufi za shule tu. Aliyekuwa akimsomea alihamia Kigoma. "Nisomee mwanangu, pengine mtu ana shida na mimi nimemnyamazia."

Ilikuwa hati yako. Niliijua kabla sijasoma neno. Nikafikiri umeniandalia njia, nikacheka kidogo. Nikasoma kwa sauti, mbele ya mzee, mkewe, mjukuu, na Klara. Karatasi ninayo hapa, mzee alisema niichukue. Nakunakilia ujue kwamba sikuongeza:

"Geita, 11 Januari 1953. Kwa Mzee wetu Akida bin Nasoro. Baada ya salamu, mimi ni mtu huru wa Pangani na nina haja ya kumwoa mtoto wa mtumwa wenu Feruzi, mzalia wa nyumba yenu, aliyeachwa huru na marehemu baba yenu. Kwa kuwa kwa sheria uwalii wa binti wa aliyeachwa huru ni wenu mliomwacha, naomba ruhusa kwenu kabla sijasema neno popote. Na ikiwa nyumba yenu ina haki yoyote juu ya mwanamke huyu, nijulisheni, nitaitimiza. Yeye mwenyewe hajui asili yake wala hajui haja yangu."

Nilipofika kwenye jina la baba sikusimama. Ulimi ulikuwa umeshashika mwendo. Nikasoma mpaka jina lako na salamu za mwisho, nikaikunja.

Hakuna aliyenitukana, Muhidini. Nataka ujue hilo. Mzee alisema, "Basi ni ndoa hiyo. Kumbe ni kheri." Akanisimulia jinsi yeye na baba walivyokuwa watoto pamoja, baba akimbebea kibao cha chuo mpaka mlangoni na kumngoja nje. Alisimulia kwa mapenzi. Na Bi Mwanaidi akashusha pumzi kama mtu aliyevua viatu vya kubana, akasema, "Ee, kumbe ni mzalia wetu! Na mimi nimejisumbua na mito. Haya mwanangu, mtungi uko nyuma ya mlango, maji yamekwisha."

Nikaenda.

Sijui nikueleze vipi. Hakunilazimisha. Alisema tu, vile mtu anavyomwambia wa nyumbani, na mimi nikashuka kitandani, nikachukua mtungi, nikaenda kisimani. Miguu ilikwenda yenyewe. Nilikwenda mara tatu, mtungi wa kunywa, wa kuoga, na pipa la uani. Klara alisimama mlangoni akaniambia, "Mayu, mama wangu, unafanya nini? Weka chini mtungi huo." Nikamwambia pisha. Nilipomaliza maji niliosha vikombe tulivyonywea, changu na cha Klara pia.

Kisha mzee akataka nione alipokuwa akilala baba. Mjukuu akanipeleka. Ni kichumba cha uani, sasa wanawekea mahindi na vitunguu. Kina tundu dogo juu la kuingiza hewa. Ukutani kuna pete ya chuma. Nikamwuliza mtoto ya nini, akasema ya kufungia mbuzi. Nikaishika, ilikuwa na joto la jua. Nikasubiri nione kama nitasikia kitu moyoni. Sikusikia. Nikaona vitunguu vingine vinaoza, nikamwambia avitenge.

Kabla ya kuondoka mzee alisema mbele ya majirani wawili kwamba ameridhia, na atakuandikia wewe. Nikambusu mkono.

Njiani Klara alinipa michembe ya viazi vikavu na karanga. Nilitafuna, haikuwa na ladha yoyote. Makoye hakuimba siku hiyo, nadhani mkewe alimfinya.

Sasa nijibu neno moja tu. Baba alikukataza kuniambia mimi. Je, alikutuma uwaambie wao?

Mwanne


Tabora, 22 Oktoba 1953

Kwa Bwana Muhidini bin Omari, Geita.

Salamu nyingi kutoka nyumba hii. Naandika mimi mjukuu wa Mzee Akida kwa maneno ya babu.

Barua yako ilichelewa kusomwa kwa sababu ya macho. Sasa tumeielewa na tumefurahi. Babu anasema watu wa sasa wanaokumbuka haki za watu ni wachache, wewe umelelewa.

Ruhusa umepata. Umwoe Mwanne mtoto wa Feruzi wetu. Mwalimu wa Shinyanga afunge ndoa kwa niaba ya babu. Haki nyingine hatudai, ila mkipita Tabora msituruke.

Babu anasema usiwe na shaka na tabia yake. Tumemwona wenyewe. Ni mtoto mwema, alitutekea maji akajaza mpaka pipa bila kuambiwa mara mbili.

Akida bin Nasoro


Geita, 30 Oktoba 1953

Kwa Bi Mwanne binti Feruzi.

Baada ya salamu na kukuombea utulivu. Barua yako imenikosesha usingizi, kisha jana imekuja ya Mzee Akida ikanipa nafuu. Nimeitia ndani ya bahasha hii uisome mwenyewe. Njia imefunguka, Mwanne! Ruhusa imetoka, na wamekusifu. Mwalimu sasa hana la kusema.

Umeniuliza nami najibu. Baba yako hakunituma kwao. Aliniambia asili yake kwa kuwa aliona ninakutazama, akataka nijue kabla, nisije nikakurudisha baadaye. Nikamwambia mimi sijali. Wallahi sikujali. Lakini sheria ni sheria. Nilijua siku ya ndoa swali la walii litaulizwa, nikataka nilimalize kimyakimya, wewe usijue kamwe, usiumie. Jibu lilipokosekana nikafikiri wamekufa wote, basi Liwali angetosha. Nilikuficha kwa kukuhurumia.

Neno mtumwa nililiandika kwa sababu ndilo neno la vitabuni. Ungetaka niandike nini? Nisingeandika hivyo wasingejua namsema nani. Na ningekuwa nakudharau, ningehangaika kote huku ili nikuoe? Wangapi watu wa Pangani wangekubali?

Suala la maji ni dogo. Wewe ni mgeni ukasaidia wazee. Usilikuze.

Nitafika Alhamisi tarehe kumi na mbili kwa gari la jioni. Nimekununulia viatu. Andika kama kofia imekwisha, nimewaambia wenzangu wote habari yake.

Wako,
Muhidini


Shinyanga, 5 Novemba 1953

Kwa Bwana Muhidini bin Omari.

Barua hii anaichukua Makoye kesho mpaka Mwanza, atampa dereva wa Geita akupe mkononi, upesi, kabla hujaanza safari.

Nimesoma yako na ya Tabora. Ya Tabora nimeisoma mara nyingi zaidi. Ule mstari wa pipa.

Naamini kwamba hukutaka niumie. Nimekaa na wewe nyumba moja miezi minane, najua hukanyagi hata mdudu. Nilikuwa nakupenda, nakwambia wazi, wala si siri, mji mzima uliniona nikicheka. Ningeolewa nawe hata ungekuwa mfupi zaidi.

Lakini nimefuata mambo kwa mpangilio kama unavyofanya na vibati vyako. Januari ulimwomba Mzee Akida. Julai ukamwomba mwalimu. Septemba ukamwomba bwana mkubwa likizo, na taa ukamwomba Mageni. Nimetafuta katika barua zako zote, ninazo hapa kwenye kikapu, mahali uliponiuliza mimi. Sikuona. Mimi niliisikia tarehe tu, barazani kwa mwalimu.

Na baba yangu. Miaka arobaini alijitafutia mji ambao hakuna anayemwita Feruzi wetu. Hakuteka maji ya mtu, na hakutaka nimtekee mtu, na sisi tukamwita mchoyo. Mimi nimekwenda siku moja tu nikajaza pipa. Ulinipeleka wewe, Muhidini, tangu Januari, mimi nikiwa nimelala kwangu sijui lolote.

Jana jioni mwalimu alikuja na furaha, amesikia ruhusa imetoka. Akaniambia lililobaki ni neno langu tu. Mwali akiulizwa akanyamaza huhesabiwa amekubali, lakini mjane ni lazima aseme kwa mdomo wake, na bila hivyo ndoa haipo, hata walii wangekuwa kumi. Nikamwuliza, "Hiyo nayo ni sheria?" Akasema ni sheria, tena kubwa.

Nikamwambia basi niulize sasa hivi, usingoje Ijumaa. Klara alikuwepo, na muuza kahawa alikuwepo. Akaniuliza. Nikasema hapana.

Akauliza tena, akadhani hakusikia. Nikasema hapana, mwalimu.

Kwa hiyo usipande gari la Alhamisi. Viatu vipe dada yako. Kofia ilikwisha tangu juzi, nimeifunga pamoja na barua hii, niliishona kwa kichwa chako na haitamkaa mtu mwingine. Ivae.

Nakomea hapa, mkono umechoka. Nimetoka kisimani sasa hivi, ndoo moja tu, ya kunitosha mwenyewe.

Mimi,
Mwanne binti Feruzi